Mkanda wa Gari la Baba

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kitindamimba wako kimekwisha. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, miguu yake tu ndiyo bado ina ubishi. Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka. Nimeamua kuandika kwa sababu simu kwa sasa sitaki hata kuisikia ikilia, na hiki kinyaa nilicho nacho nikikimeza kitaniua.

Unalijua gari la baba lilivyo. Juzijuzi nilikuwa nampeleka mama kliniki kunyooshwa miguu, mara likaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha pa! Usukani ukawa mzito, nikawa kama nasukuma kabati. Taa nyekundu zikawaka, mvuke ukaanza kufuka. Mkanda wa injini ulikuwa umekatika, ule mmoja mrefu unaozungusha dainamo, pampu ya maji na pampu ya usukani. Wapita njia wakatusukuma hadi pembeni, na mama humo ndani anamwomba radhi kila anayesukuma, utadhani yeye ndiye aliyekatika.

Nikampigia fundi wako. Nasema wako kwa sababu ni wewe uliyetuletea, ukanikataza nisipeleke gari kwa mwingine. Akaja, akainama, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta msiba. Akasema mkanda ukikatika huondoka na wenzake, kwa hiyo puli, beringi na kikazo kinachoubana mkanda vyote vimekwisha, na injini lazima inyanyuliwe. Kisha akataja bei. Nilimwuliza kama anatengeneza gari au ananiuzia jingine. Akacheka, akasema hiyo ni bei ya ndugu.

Mshahara wangu wa kupiga pasi nguo za watu unaujua. Nikasema basi gari lilale. Likalala, na mama akakosa kliniki, akakosa tena, mguu wa kushoto ukaanza kukakamaa upya. Jioni moja narudi kutoka kazini nakuta pale dirishani pako tupu, sakafuni zimebaki alama za miguu ya cherehani. Mama ameiuza! Cherehani iliyotushonea sare za shule, mimi na wewe. Akaniambia nisinune, macho yake hayalioni tena tundu la sindano, bora apate kutembea. Nililia, kisha nikampelekea fundi hela yote, na gari likapona.

Sasa sikiliza uchafu. Jana nilipita duka la vipuri kununua balbu ya taa ya nyuma. Nikamwuliza muuzaji, udadisi tu, mkanda kama ule unauzwaje. Mama wa watu akanitajia. Nikadhani amekosea, nikamwuliza tena. Haifiki hata robo ya nilichotoa! Na kuufunga, akasema, fundi anayejua kazi anaiacha chai yake ikiwa moto na anarudi kuinywa haijapoa. Nikafungua boneti pale pale nje ya duka. Akachungulia, akaniambia hizo puli na beringi ni zilezile za zamani, zina masizi ya miaka, kipya ni mkanda peke yake.

Nilifika gereji nimevimba. Fundi alikuwa na grisi hadi kwenye viwiko. Nikamwita mwizi mbele ya wateja wake, sikujali. Kwanza alikana, mkavu wa macho. Nilipotaja polisi ndipo akaapa kwamba yeye alichukua ufundi wake tu, hela iliyobaki si yake, na mwenye nayo yupo. Akaniambia nichukue simu yake pale juu ya tairi, maana mikono yake haishikiki, nimtafute mtu aliyeandikwa Mrithi na niweke sauti kubwa. Nikabonyeza mwenyewe, kwa kidole changu hiki.

Ukapokea wewe.

Hukungoja hata salamu. Ulimwuliza kama dada ameharibikiwa na kingine, ukamwambia safari hii asikuzungushe kukupa fungu lako. Ukasema gari ni la baba, si langu peke yangu, na kwa kuwa sikukugawia, utajigawia mwenyewe kila litakapoguswa na spana. Kisha ukacheka. Simu ilipokatika, kama ulidhani ni mtandao, haukuwa mtandao, ni mimi.

Nimetapika, mdogo wangu. Sisemi kwa mfano, nilitapika kweli, nimeshika ukuta wa gereji, watu wananitazama. Siku ya kugawana vitu vya baba ulisema chukua tu dada, mimi gari la nini. Ungesema unalitaka ningekupa siku ileile, tena na shukrani juu. Fundi nimemtukana nikamaliza, yule ni mtu baki. Wewe umekula cherehani ya mama. Labda hukujua hela imetoka wapi. Haya, sasa umejua, na sijui utakula nini kikupite kooni.

Mama anakusalimu sana na anakuombea kila asubuhi. Mimi sijamwambia neno na sitamwambia, kazi hiyo nakuachia. Humu ndani ya bahasha utakuta ufunguo wa gari na kadi yake. Gari lenyewe liko uani, nimelijaza mafuta. Fungu lako hilo, chukua lote.

Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba yangu, wao hawana kosa. Jumanne asubuhi mama ana kliniki. Atakuwa amekaa mlangoni, mkoba mapajani, kwa sababu nimeshamwambia kwamba kuanzia sasa anayempeleka ni wewe.

Ni mimi,
Dada yako