Yule Binti Niliyemchora Hakuwamo

Mbeya, Jumapili, Julai 1977

Baridi tangu alfajiri. Upepo unashuka kutoka mlima Loleza na kupenya kwenye kila ufa wa chumba hiki, nami nimekaa kitandani na koti, mikono ina chokaa mpaka viwikoni. Nina hasira. Nimejaribu kulala ili zipite. Hazikupita.

Naanza na picha yenyewe.

Sehemu ya kwanza ilipoonyeshwa Iringa mwaka juzi, mimi na baba tuliiona mara nne. Ile picha ya Kichina ya binti anayepaa juu ya mianzi na kukata radi kwa upanga. Baba aliugua homa kali nilipokuwa mdogo. Ikamwachia uhai, ikachukua masikio. Tangu hapo akaacha harusi, akaacha vikao vya pombe pale kijijini kwetu Kalenga, kwa sababu alichoka kutazama watu wakicheka asijue wanacheka nini. Lakini ndani ya sinema ile hakukuwa na mtu anayejua Kichina. Wote tulikuwa viziwi. Binti alipopaa, baba alishangilia pamoja na ukumbi mzima, hakuchelewa hata kidogo.

Ndiyo maana, nilipopata kazi ya kuchora mabango kwenye sinema moja hapa Mbeya na meneja akasema sehemu ya pili inakuja, siku hiyohiyo nilimwandikia baba barua aje.

Alhamisi walipoijaribu kwenye mtambo, nilikaa nyuma nikatazama.

Takataka.

Binti siye. Wameweka mwingine, wigi limemkaa upande, anashika upanga kama mtu anayesonga ugali. Hapai. Anaruka, nadhani kutoka juu ya kiti, kisha tunaonyeshwa miguu yake ikitua. Joka ni shuka la kijani, na chini ya shuka nimeona kwa macho yangu raba nyeupe, jozi mbili. Yule adui aliyekatwa kichwa katika sehemu ya kwanza amerudi na kichwa chake, na hakuna anayemuuliza. Na pale tulipongoja vita, wanakaa mezani wanakunywa chai na kuongea. Wanaongea! Midomo inakwenda mpaka unasahau nani anamtafuta nani. Mara mbili wamebandika vipande vya picha ya zamani: binti wa kweli anapaa kufumba na kufumbua, halafu tunarudishwa kwa huyu wa wigi.

Waliotengeneza kitu kile walijua. Hilo ndilo linalonichoma. Walijua tunampenda yule binti, wakaona mapenzi yetu yanatosha, kazi ya nini tena.

Nikamfuata meneja kumuuliza nichore binti yupi.

"Yuleyule wa kwanza," akasema. "Huyu mpya nani anamjua?"

"Lakini hayumo."

"Wewe mchoraji au polisi? Chora."

Nikachora.

Na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia, naandika hapa: nilichora kwa raha. Sijawahi kuchora vizuri namna ile. Nilimpa nywele zinazopepea, nikampa radi nyuma ya bega, macho nikayarudia mara tatu mpaka yakawa kama yanakufuata barabarani. Ijumaa nilikutana na dereva wa basi la Iringa. Ningeweza kumpa ujumbe ampelekee shangazi Yustina, dada yake baba, anayeuza mboga pale Ipogolo, Iringa, na ambaye angemsindikiza, kwamba wasije. Tulisalimiana, tukaongea habari za mvua na matairi, nikamwacha aende.

Nilitaka baba aone bango langu.

Jana wakafika, wana vumbi mpaka kwenye kope. Baba amevaa koti lake la kanisani.

"Kamwene, mwanangu!" shangazi akanisalimu Kihehe kwa sauti kubwa kabla hajashuka ngazi ya basi. "Baba yako hajalala siku mbili hizi, utadhani anakwenda kupata kipaimara."

Baba alisimama mbele ya bango muda mrefu. Akaugusa mguu wa binti kwa kidole kimoja, polepole, kama rangi haijakauka. Kisha akanishika bega.

Saa kumi tukaingia. Ukumbi umejaa. Mimi sikutazama picha, nilimtazama yeye. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Huyu wa wigi akatokea. Baba akasubiri. Wakakaa kunywa chai, wakaongea, wakaongea, na baba akaanza kugeuza macho huku na huku akisoma nyuso za watu. Ule utazamaji wake wa harusini. Naujua tangu utoto.

Halafu, kwa sauti ambayo mwenyewe hajui ukubwa wake, akasema:

"Huyu siye!"

Ukumbi ukalipuka. "Kweli, mzee! Siye!" Watu wakapiga miluzi, wakagonga viti, wakamdai yule wa kwenye bango. Walikuwa upande wake wote. Baba hakusikia hata neno moja. Aliona vinywa vimefunguka na meno yote yamemgeukia yeye, akadhani wanamcheka.

Akainuka, akatoka.

Nilimkuta nje, mbele ya bango. Nikatoa karatasi, nikamwandikia: Hawakukucheka. Walikuunga mkono. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Halafu akaniuliza, "Ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Shangazi, aliyekuwa ametufuata, akanitazama kama mtu aliyefunua sufuria akakuta tupu. "Mtoto wewe! Sasa ulituita wa nini?"

Baba alikuwa bado anatazama bango.

"Mchoro mzuri," akasema. "Ila wa uongo."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Afadhali angenigombeza.

Leo asubuhi nimewasindikiza kwenye basi. Lilipoondoka nikaenda moja kwa moja sinema na ndoo ya chokaa. Nilianzia miguuni, nikapanda. Kwenye uso mkono ulinigomea, nikakaa chini kidogo, nikainuka nikaumaliza. Chokaa ilipokauka nikaandika kwa rangi nyeusi: BINTI WA KWANZA HAYUMO. WANAONGEA SANA.

Watu waliotoka kanisani wakasimama kusoma. Wakacheka. Meneja akaja mbio na kandambili.

"Una wazimu?"

"Hapana. Jana ndiyo nilikuwa nao."

"Kesho nisikuone hapa!"

Hataniona.

Bado nina hasira na waliotengeneza picha ile, huko waliko, ambao hawatajua kamwe kwamba kuna mzee wa Kalenga aliwangojea miaka miwili. Nina hasira na meneja. Lakini nikizipima vizuri, fungu kubwa la hasira hizi linanistahili mimi mwenyewe, maana wao hawakumjua baba yangu. Mimi namjua.

Nitakwenda sokoni Mwanjelwa asubuhi, duka kwa duka, kuuliza nani anataka kuandikiwa ubao. Sukari ikiwepo nitaandika ipo. Isipokuwepo nitaandika haipo.