Swichibodi Yako Imestaafu, Mama

Mpendwa Mama,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba kiti chako cha swichibodi, kile chenye mguu mmoja mfupi, kimepandishwa cheo. Sasa kiko jikoni mwa hospitali na anayekikalia ni paka. Hotuba hazikuwepo, na paka hakuapishwa.

Habari ya pili ni kwamba swichibodi yenyewe, ule mtambo wako wa kuunganishia simu za hospitali, imeng'olewa, na aliyeing'oa ni mimi. Tafadhali usininunie huko uliko. Walitafuta fundi wa simu, na anayepatikana Meru mjini bila kubembelezwa ni huyu mwanao mwenye kitambi, ambaye siku hizi akiingia chini ya meza lazima avutwe kutoka.

Unakumbuka nilivyokuwa nikipitia kwako nikitoka shule? Nilikalia kreti ya soda nikakutazama ukichomeka waya huku, ukichomoa kule. Mtu wa mashambani akipiga, hukumuuliza shida yake. Ulisema "Muga," salamu yetu ya Kimeru, ukanyamaza. Naye akasalimia, akauliza habari za watoto na za mvua. Nilikuwa nakereka! Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Mama, si umuulize tu anamtaka nani?" Ukaziba simu kwa kiganja. "Baba," ukaniambia, maana nilibeba jina la baba yako na hukuwahi kuniita jingine, "huyu amekimbia kilima kizima kutafuta simu. Mwache asalimie kwanza. Pumzi ikirudi, ataniambia yuko wapi."

Maneno hayo niliyasahau mpaka wiki jana.

Mtambo mpya ni sanduku jeupe la ukutani, dogo kuliko kabati lako la vikombe. Asubuhi nilivuta nyaya, nikaipa kila wodi namba yake, kisha nikauprogramu ujibu wenyewe. Ni sauti ya msichana, nyororo, Kiswahili cha redioni: karibu hospitali yetu, kwa wodi ya wazazi bonyeza moja, kwa kliniki bonyeza mbili. Asiyebonyeza kitu anakatiwa, ili wengine wapate laini. Hilo la kukata nililiweka mwenyewe, nikajiona mtu wa maana sana.

Sista Kanana wa wodi ya wazazi, yule uliyekuwa ukimpa chai alipokuwa mwanafunzi, alikuja kuusikiliza. "Anaongea vizuri huyu msichana wako, fundi. Lakini anasikia?"

"Mashine haina haja ya kusikia, Sista," nikamjibu, bisibisi mdomoni.

Jioni mvua ilikuwa inapiga mabati, nami nafagia vipande vya nyaya, taa ya laini ya nje ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Mwanzoni nilifurahi, nikasema kazi imekubali. Ilipowaka tena, nikauweka ufagio chini. Huyu alikuwa mtu mmoja anayepiga na kupiga, na aliyekuwa akimkatia ni mimi.

Nikaiunga simu yangu ya majaribio kwenye ile laini, kibanio cha waya kikaniponyoka, nikakishika tena. Taa ikawaka. Msichana akaanza, "Karibu hospitali yetu," na chini ya sauti yake nikasikia mwanamke mzee anahema. "Muga! Muga, mwanangu! Mko wazima huko?" Akangoja aitikiwe. Msichana naye anaendelea tu, amefika kwa kliniki bonyeza mbili. "Muga?" akasema tena, polepole, kama anayeogopa kuwa amekosea mahali.

Mama, alikuwa anaisalimia mashine. Asingemkatiza mtu anayeongea, wala asingetaja shida kabla ya kuitikiwa. Ndivyo alivyolelewa. Ndivyo nilivyolelewa mimi pia, nikasahau kuliweka hilo ndani ya sanduku.

"Muga!" nikapaza sauti juu ya ile ya msichana.

"Ai! Kumbe kuna watu! Huyu msichana wenu haitikii wakubwa. Mko wazima?"

Nilitaka kupiga kelele, nyanya, sema shida! Nikakiona kiganja chako. "Tuko wazima, nyanya. Niko hapa. Sikati."

Nikamsikia akivuta pumzi. Ikarudi. "Niko Kibirichia, juu ya soko, nyumba ya geti la bluu. Mke wa mjukuu wangu amejifungua na damu inakataa kukoma."

Ambulensi ilifika. Yule mke wa mjukuu yuko hai, na mtoto pia, wa kike, na bila shaka unajua amepewa jina la nani: nyanya mwenye simu. Mtambo nimeuprogramu upya. Sasa unasema "Muga," unanyamaza kidogo, na asiyebonyeza kitu anapelekwa kwa mtu mwenye masikio. Hata hivyo, Mama, naogopa. Mtambo ulikuwa unajibu tangu mchana, na taa sikuwa nikiitazama. Ni nani mwingine aliyesalimia akakatiwa? Hakuna wa kuniambia. Nikiona taa ndogo nyekundu, hata ya redio ya jirani, moyo unaruka.

Huku jikoni wanasimulia kwamba fundi aliihamisha simu wodini kwa kidole kimoja, ametulia kama mamake. Kanana anawaacha waseme, ananitazama, anakoroga chai. Wewe nitakueleza ilivyokuwa. Simu ya mezani ilikuwa kando yangu. Kuivuta ile laini na kuipeleka wodini ni vibonye viwili, na nilivijua, maana niliviweka mimi. Kidole kilikataa. Niliogopa kwamba nikigusa chochote itakatika, na safari hii asipige tena. Nikamwambia, "Nyanya, usikate," nikailaza simu mezani taratibu kama mtoto aliyelala, nikakimbia kumwita Kanana kwa miguu, nikateleza koridoni, nikaanguka, nikaamka, nikakimbia tena. Tuliporudi alikuwa bado yupo, anaiuliza meza kama huku kwetu mvua imenyesha.

Mwanao, uliyemwita baba.