Aliyekataa Kuondoka

Mariabad, Quetta
Alhamisi asubuhi

Kaka yangu Barat,

Naomba waraka huu ukukute mzima, wewe, wifi na mtoto, huko Australia ambako unasema Desemba jua linachoma. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo hayapatani na baridi. Anakusalimu sana. Anauliza kama umepata mahali wanapooka mkate wa tanuri, au bado unakula ule mweupe uliosema ni kama kutafuna sifongo.

Utashangaa kwamba naandika na simu ipo. Kwenye simu ukisema "dada" tu, nageuza maneno, naishia kukueleza habari za theluji.

Utaratibu wetu ni uleule: watu wawili wa nyumba moja hawapandi gari moja. Tukialikwa harusini, Mama hutangulia, mimi nafuata na basi la nyuma, ili bomu likilipuka abaki mtu wa kulea watoto. Hatulizungumzii jambo hili. Tumelizoea kama kuvua viatu mlangoni.

Jumatatu nilikuwa nakanda unga, nikawasikia wanangu uani wakibishana. Shule ina magari mawili, na kila mmoja alitaka la pili. Nikadhani wanagombea dirisha. Kumbe Roqia, ambaye sasa ana miaka tisa, anamwambia mdogo wake, "Wewe panda la kwanza. La kwanza likilipuliwa, anayebaki ndiye atamtunza mama, na wewe hata kupika wali hujui!"

Jawad akamjibu, "Nitajifunza! Na wewe unayeogopa paka, utamtunza nani?"

Wakacheka. Kaka, walicheka! Kisha wakakubaliana wapokezane, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Mimi nikakaa chini na unga wangu mikononi.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Miaka mitatu iliyopita, ulipotuandalia karatasi za safari, nilikwambia Mama amekataa, hataki kuliacha kaburi la Baba. Ulimkasirikia. Mwaka mzima ukawa unamsalimu kwa maneno mawili matatu. Nilikudanganya. Mama alikubali siku ileile, hata blanketi zake alishazifunga. Yeye nikamwambia maombi yamekataliwa. Aliyekataa ni mimi.

Unajua mume wangu Ewaz alitoka kwenda kununua vitunguu, bomu likalipuka sokoni. Wanawake wenzangu waliletewa waume zao, wengine nusu, wengine kidogo tu cha kuzika. Mimi sikuletewa kitu. Nilizunguka hospitali zote na picha yake mkononi. Nikajiambia labda amepotewa na kumbukumbu, anatangatanga mahali. Siku akirudi, nani atamfungulia mlango? Miaka mitano sasa, mtu akikohoa njiani kwa kikohozi kama chake, nasimama. Namtamani kama bibi harusi wa wiki moja, na aibu ya kusema hivyo kwa kaka yangu imeniisha.

Jana nilimweleza Mama yote, nikainamisha kichwa nikingoja kofi. Alikuwa anachagua dengu, wala hakuacha. Akasema, "Nilijua, Nikbakht. Nilikuwa nakungoja wewe umalize kumngoja."

Sijamaliza, kaka. Lakini wanangu wameanza kupangiana zamu za kufa, na hilo siliwezi. Tafadhali anza maombi upya, hata yakichukua miaka. Jirani yetu nimeshamwandikia anwani yako kwa herufi kubwa. Ameniahidi kwamba mtu yeyote akija kubisha mlangoni petu, hata awe amechakaa vipi, atamkaribisha ndani, ampe chai, amwambie tuliko.

Mpigie Mama simu. Safari hii msalimie kwa kirefu. Wifi mwambie namkumbuka, na mtoto mbusu mashavu yote mawili.

Nisamehe.

Dada yako,
Nikbakht