Kakakuona Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Kakakuona amenishinda. Wanyama watano tayari wako kwenye chupa – Kifaru, Nguva, Kasa, Mbega, Mbwa Mwitu. Kila mmoja na wino wake, kila chupa na maelezo mafupi kwamba mnyama huyu yuko hatarini kutoweka. Amebaki huyu mmoja, na maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bosi anataka kahawia ya magamba. Si ya chai, si ya kiatu. "Kahawia inayojikunja," anasema. Sasa hiyo nitaipima kwa mizani gani?

Nimechanganya mara saba. Nadondosha tone kwenye karatasi ya chujio, nasubiri likauke, naenda nalo dirishani kwenye picha. Kila tone linakauka na kuwa tope. Halina joto. Nimeongeza rangi nyekundu. Bado. Nimeongeza tena. Hii nyekundu mpya nadhani wametuuzia maji.

Vidonge nimemeza stoo, mgongo kwa mlango. Mwezi wa nne wa matibabu sasa. Hapa kazini wanajua nilikuwa na nimonia. Kifua kikuu anakijua dada peke yake, na nesi wa kliniki. Nesi ameshanihakikishia siambukizi mtu tena. Lakini nani atasubiri maelezo? Wakilisikia jina tu, kikombe changu kitatengwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata! Mara ya kumi na moja. Kahawia tulivu, na ukiinamisha karatasi unaona kama gamba. Bosi amesafiri, amesema kwenye simu: "Wewe ndiye Jicho, ukiridhika nimeridhika." Jicho ndilo jina langu hapa, mwaka wa kumi na sita huu. Nimetengeneza lita tano palepale.

Nikampelekea Mama Lebo aandike kadi za mfano. Yeye ndiye anayebandika lebo, na mwandiko wake unaipita mashine. Amechovya kalamu, ameandika K, akasita. Akaniangalia.

"Jicho, huyu ni nani?"

"Kakakuona."

"Kakakuona au nyanya?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania, kwa sababu kutaniana ndiyo kazi yetu ya pili. Akaichukua kadi ya Mbega – mbega mwekundu, ambaye nilimmaliza mwezi wa kwanza – akaziweka sambamba. Akasema huyu ni Mbega wa pili, tena huyu amezidi. Nikainama. Naapa niliona kadi mbili za kahawia.

Nimemwambia nimekosea chupa, niko kichwa kichwa siku hizi. Ameniamini, nafikiri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebadilisha taa. Nimefuta dirisha nje na ndani. Nimefungua nyekundu ya zamani, ile ambayo haijawahi kunidanganya. Nayo ni tope!

Halafu nimefanya jambo ambalo ningelifanya tangu juzi kama si woga. Kwenye droo ya Bosi kuna kitabu cha madoa – kile chenye kurasa za vidoa vya rangi, na ndani ya vidoa zimefichwa tarakimu. Mtu anayeomba kazi hapa lazima akisome. Mimi ndiye ninayewapima. Nimeketi na kitabu kile kwa miaka kumi na sita, nakijua kama njia ya kwetu: kumi na mbili, nane, ishirini na tisa, tano, tatu, kumi na tano, sabini na nne.

Ukurasa wa kwanza, kumi na mbili. Vizuri. Huo kila mtu anauona.

Ukurasa wa pili naona tatu.

Nimefunga. Nimefungua. Tatu! Ukurasa wa tatu sioni tarakimu, naona vidoa tu, changarawe. Nimeendelea mpaka mwisho.

Na sasa nimekumbuka lililo baya zaidi. Kliniki wana kitabu hichohicho. Kila mwezi nesi ananifungulia, kwa sababu kimojawapo cha vidonge vyangu kinaweza kugusa mshipa wa macho. Alinieleza siku ya kwanza, polepole, akanifanya nirudie: ukiona rangi zimebadilika njoo siku hiyohiyo, usingoje tarehe, kwa sababu mapema macho hurudi, ukichelewa huenda yasirudi. Na mimi mwezi uliopita nilifanya nini? Nilijibu kabla hajamaliza kufunua ukurasa. Nilikuwa najionyesha! Nesi alicheka, akasema kaka huyu anasoma kama ametunga mwenyewe. Akaandika kwenye kadi: macho mazima.

Sikuangalia. Kweli sikuangalia hata ukurasa mmoja. Pengine tayari nilikuwa sioni, na sina njia ya kujua.

Jumamosi, 8 Machi

Sijaenda kliniki. Ijumaa walikuwa wazi, nami nilikuwa na miguu. Nilijiambia ni uchovu. Nilijiambia nitalala siku mbili, Jumatatu nitaamka na nyekundu yangu.

Leo dada alikuwa anamalizia sare za shule. Cherehani yake iko sebuleni, ukitaka kupita lazima umwombe avute goti. Akaniomba nimpe uzi wa kijani. Boksi lote lilikuwa mbele yangu. Nikachagua kwa uangalifu wote, kama mtu anayechagua yai. Nikampa. Ameshona nusu ya mkono wa sare akiongea na jirani dirishani, halafu akatazama chini.

"We mtoto! Umenipa kahawia!"

Mimi mtoto, na mwezi ujao natimiza arobaini na tisa. Nikasema chumba kina giza. Dada akatazama dirisha, akatazama jua lililojaa sakafuni. Akachukua wembe akaanza kufumua. Dada akinyamaza ndipo naogopa.

Jumapili, 9 Machi

Dawa hizi hufanya mkojo uwe wa chungwa. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu chooni – rangi nzuri mno, ningeweza kuitia kwenye chupa. Leo ni kama maji ya majani makavu. Dawa nameza, kwa hiyo chungwa liko pale. Mimi ndiye nisiyekuwepo.

Nimefumba jicho la kulia, nikaangalia ndoo nyekundu. Nimefumba la kushoto. Yote mawili sawa. Hata gazeti, herufi ndogo zimeanza kuwa na ukungu katikati. Hilo wiki iliyopita halikuwepo. Au lilikuwepo?

Naogopa. Naliandika hivyohivyo, hakuna anayesoma humu.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi amerudi. Akaiona ile galoni ya lita tano, akaimimina kidogo kwenye sahani nyeupe, akapasuka kicheko. Anasema kakakuona huyu amechinjwa. Kisha kicheko kikaisha, akaniuliza imekuwaje. Nikasema muuzaji ametuletea rangi mbovu. Uongo ulinitoka laini kabisa. Akapiga simu palepale, akamwakia yule maskini kwa dakika kumi. Nilikuwa nimesimama pale, najitia kusafisha mizani.

Anataka Kakakuona mpya kufikia kesho mchana. Akaondoka.

Mama Lebo akafunga mlango. Akaja akaketi karibu yangu na bila kuniuliza akasema: "Wewe pima. Mimi nitaangalia."

Basi tulifanya hivyo. Mimi nahesabu matone na gramu, yeye anaitazama karatasi dirishani. "Bado. Bado. Punguza huo wekundu, unataka kumuua tena? Bado… Hapo! Hapo hapo, usiguse!" Nimeandika vipimo. Amesema ni kahawia nzuri kuliko zote tulizowahi kutoa. Nikamwambia asante. Nilikuwa naangalia sahani ya tope.

Halafu akasema, sauti ya chini, akipanga lebo zake: "Vile vidonge unavyomezea stoo navijua. Mama yangu mdogo alivimeza. Walimpima macho kila mara. Wewe wanakupima?"

Nikasema wananipima.

"Na unawaambia?"

Nilijifanya natafuta kifuniko. Kumbe muda wote alijua, na kikombe changu hakukitenga. Akaniambia niende leo. Si kesho, leo. Nikamjibu nitakwenda. Kutoka kazini nikapanda njia ya nyumbani moja kwa moja, kliniki nikaiacha mkono wa kushoto. Niliona hata yule mlinzi anafagia.

Jumanne, 11 Machi

Nimejiuliza kutwa ninaogopa kitu gani hasa. Ni hiki. Nikisema sioni, wataniondolea dawa. Na dawa katika nyumba yetu haziondolewi. Kaka yetu alipata nafuu mwezi wa tatu wa dawa, akaacha vidonge, akanenepa, akatucheka sisi tuliomsumbua. Mwaka uliofuata tulimzika. Mimi na dada tulimwoshea shuka kila asubuhi, na najua sauti ya kifua kile hadi leo.

Nisiposema, naendelea kumeza, na macho yanakwenda. Nikisema, kifua kinarudi. Ndivyo ninavyoliona. Pengine kuna kidonge kingine mahali pa kile, nesi angejua. Lakini kuuliza ndiko kusema kwenyewe.

Jioni dada ameweka nyuzi mbili mezani mbele ya sahani yangu. Hakuwasha hata redio. "Ipi ya kijani?"

Nikaonyesha moja. Nilibahatisha. Akavuta pumzi – nilipatia! Nikaona mabega yake yanashuka. Nikaongeza hapohapo kwamba macho yanachoka tu, kazi imezidi, wanyama sita si mchezo. Anataka kuniamini, inaonekana usoni. Hata hivyo amesema kesho asubuhi tunakwenda, na yeye anakwenda, na sare za watu zitasubiri.

"Nisikufiche," akasema, "mimi sitaosha shuka tena." Kisha akalia, kidogo, akafuta uso na kipande cha kitambaa cha sare. Nami nikalia.

Jumatano, 12 Machi

Kliniki. Niko kwenye benchi la nje, naandikia magotini.

Niandike kama ilivyokuwa. Nimekuja nikiwa nimeamua. Njiani nilikuwa nairudia sentensi moja: nesi, nyekundu imepotea. Maneno matatu tu. Dada hakuruhusiwa kuingia, akabaki hapa na mkoba wangu.

Nesi ni yuleyule. Alinichangamkia. Akasema mbona umekuja kabla ya tarehe, umeniota? Nikasema macho yanachoka. Nilisema hivyo. Yanachoka! Akawa makini ghafla, akavuta kiti. Akasema basi tuangalie vizuri, kwa sababu ukikosea hapa hatuchezi, nasimamisha dawa leo, nakuandikia hospitali kubwa.

Nilichosikia ni nasimamisha dawa leo. Baada yake kulikuwa na maneno mengine, nadhani kuhusu kubadilisha, sijui. Nilikuwa nasikia kifua cha kaka.

Akafungua kitabu. Kumi na mbili, nikasema. Akafunua.

Niliona tatu. Nikasema nane.

Mdomo ulikwenda wenyewe. Ishirini na tisa. Tano. Tatu. Kumi na tano. Sabini na nne. Safari hii niliangalia kila ukurasa, sikuruka hata mmoja, na zaidi ya ule wa kwanza hakuna nilichokisoma kweli. Changarawe tupu. Hata nilijikawiza hapa na pale nionekane ninatafuta. Nesi akafunga kitabu, akapumua. "Afadhali! Ulinitisha." Akanisomesha na ile chati ya herufi, mistari ya chini nikayumba, akasema pumzika, labda unahitaji miwani. Akaandika. Macho mazima, mara ya pili. Akagonga muhuri na kunipa kadi nikachukulie dawa za mwezi mzima.

Nilipotoka dada alisimama. Nikampa kadi. Aliisoma mwenyewe, mara mbili, kidole chini ya maneno. Akanikumbatia mbele za watu, yeye asiyekumbatia. Akasema kaa hapo, umechoka, foleni ya dawa nitakaa mimi.

Basi nimekaa. Mlango wa nesi uko hatua sita, umeegeshwa tu. Hana mgonjwa. Namsikia anasogeza viti na kuimba chinichini. Nikiinuka sasa nitamkuta yuko peke yake. Nesi, nyekundu imepotea. Maneno matatu.

Mbele ya dada walikuwa watu wanne. Sasa wawili. Amegeuka ananitazama, anacheka, ananionyesha kwa vidole: wawili. Nimempungia.

Nimeinuka. Nimekaa tena.

Mmoja.

Nesi ametoka, amepita mbele yangu na ndoo, ameniuliza bado upo? Nikasema namngoja dada. Amerudi ndani. Mlango ameuacha wazi.

Dada amefika dirishani. Ameipitisha kadi yangu, na yule wa ndani anahesabu vidonge.