Rajabu, wanataka tuuzime moto wa dufu

Rajabu,

Wanataka tuuzime moto. Naanza na hilo kwa sababu kila nilipokujia na salamu ndefu ulikuwa ukinikata: "Pasta, ingia mu habari." Basi nimeingia. Mchezo wetu umetoka, watu wanaucheza, na kitu wanachokilalamikia kuliko vyote ni kile ulichonifundisha wewe.

Kwanza nikupe habari za huku. Arobaini yako imepita. Hitima ilisomwa, wali ulitosha, na mimi nilikaa karibu na mlango nikilinda viatu vya watu, ile kazi uliyokuwa ukisema ndiyo pekee Mkristo anayoweza kupewa mtaani kwenu Buyenzi. Garaji ameichukua mdogo wako Hamisi. Nyaya za magari anazijua vizuri, ila hapigi mluzi akifanya kazi, kwa hiyo ukikata kona tu unajua kwamba wewe hupo. Petroli bado ni ya kuwinda. Kwetu Buterere maji yaliingia tena majumbani, nami nimehamia kwa dada yangu. Niliivusha kompyuta kichwani kabla ya godoro lake alilokuwa ameniazima, na hilo hajalisahau.

Sasa mchezo. Wewe unaujua, lakini acha nikueleze ninavyowaeleza watu siku hizi, maana sasa naueleza peke yangu. Zena, msichana tuliyempa jina la binti yako, anapanda kutoka ziwani hadi milimani akiwa na dufu mkononi. Majitu ya moshi yanamzibia njia. Hana panga wala bunduki. Akilipiga dufu sawasawa na wimbo, kila pigo linalirusha jitu nyuma, akikosea, yanamsogelea. Na kadiri anavyopiga, ngozi inapoa na kulegea, mapigo yanakosa nguvu, mpaka asimame kwenye mbabula, lile jiko la makaa, kando ya njia, alipashe dufu moto, ndipo aendelee.

Hapo kwenye mbabula ndipo walipotushukia.

Kuhusu sauti hakuna aliyenung'unika, hilo nikuambie ufurahi. Wanasema dufu lako linasikika mpaka kifuani. Mama mmoja kaandika kwamba yeye na mumewe walinuniana kwa sababu kila mmoja anataka kupiga. Lakini wengine! Mmoja anasema silaha inamfia mkononi bila sababu. Mwingine anasema spika zake ni mpya, kwa hiyo sauti ikilegea kosa ni letu. Mwingine, nadhani ni wa Dar, ameandika hivi: "Nimekuja kupigana, mnaniotesha moto kama nimekwenda kwa bibi." Huyo nilimcheka, halafu nikaona ametupa nyota moja, kicheko kikaisha.

Nikawaza, hawa watu wana kosa gani? Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo. Unakumbuka siku ya kwanza ya kurekodi, nyuma ya garaji, umetundika blanketi ukutani ili tusisikie pikipiki? Ulipiga vizuri, halafu sauti ikaanza kushuka, ikawa kama mtu anapiga katoni. Nikabadilisha waya wa kipaza sauti. Nikabadilisha tena. Nikatoka nikaenda mpaka madukani Asiatique kununua waya mwingine, nikarudi nimelowa jasho, na wewe muda wote ule umekaa kwenye tairi unanitazama. Nilipochomeka waya mpya na sauti ikabaki mbovu, ndipo ulipocheka mpaka ukashika ukuta. Ukalichukua dufu, ukalizungusha juu ya mbabula ya mama wa chai, ukanishika mkono ukauweka juu ya ngozi. Ikawa inakaza chini ya kiganja changu. Mimi mtoto wa Uvira, nimeimba kwaya tangu nikiwa mdogo mpaka ukanibandika jina la Pasta, na hilo nilikuwa silijui. Palepale nikakuambia hiki kitu lazima kiwe ndani ya mchezo.

Kosa letu lilikuja baadaye. Mchezo ulipokuwa tayari, tuliwapa nani waujaribu? Watu wa kikundi chako cha maulidi. Wote, mmoja baada ya mwingine, dufu lilipolegea walikwenda motoni bila kuuliza, kama mtu anavyokwenda kivulini jua likiwaka. Tukafurahi. Mimi nikasema tuweke maelezo kidogo, wewe ukakataa: "Mutoto wa Buyenzi, nani alimufundisha? Mutu atajua." Nami nikakubali, kwa kuwa mbele ya macho yangu kila mtu alikuwa anajua.

Sasa kuna mama mmoja wa duka la michezo mtandaoni, ananiandikia Kifaransa cha adabu sana. Anaupenda mchezo. Anasema wako tayari kuutundika mbele, pale ambapo kila anayefungua duka anauona, ila moto utoke. Tukiuacha, mchezo utabaki ulipo, chini kabisa, ambako hata mimi nikiutafuta napotea. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba wachezaji hawapendi kusimamishwa.

Nilijaribu, Rajabu. Sitakuficha. Kuuzima moto kwenye kompyuta ni kufuta mistari michache, hata chai haikupoa. Kisha nikacheza. Zena akakimbia, dufu halikulegea hata mara moja, majitu yakaanguka, nikafika milimani. Sikupenda. Halafu nikajiuliza kama sikupenda kwa sababu mchezo umekuwa mbaya, au kwa sababu sasa wewe umebaki mkono tu, mkono unaopiga na hauchoki, na mimi nakujua ulikuwa unachoka. Nililia mbele ya kompyuta, mchana kweupe, mpaka dada akauliza kama umeme umekatika na kazi imepotea. Nikasema ndiyo.

Nikarudi kwenye zile rekodi za siku ya kwanza, zote, hata zile mbovu ambazo hatukuzitumia. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka kukusikia tu. Na kwenye ile mbovu kuliko zote, sauti ya dufu imekufa kabisa, mimi nasikika natukana waya kwa mbali, ndipo unapoanza kucheka. Unacheka, unavuta pumzi, halafu unasema polepole, karibu kabisa na kipaza sauti: "Apana mikro, Pasta. Ngoma imesikia baridi. Lete kwa moto."

Nilikaa nikaisikiliza tena na tena. Wewe uliyekataa maelezo ulikuwa umeshayatoa.

Lakini sauti ya mtu aliyekufa si yangu kuifanyia nitakavyo, kwa hiyo nilimpelekea mke wako. Mama Zena ameshamaliza kugawa nguo zako, dufu alinipa mimi, akasema yeye hajui kulitunza. Nilimvalisha vile vya masikioni nikamwonyesha pa kubonyeza. Alisikiliza akacheka kwanza. Kisha akajifunika uso kwa kanga, nami nikatazama kuku. Alipovivua akasema: "Uiweke. Ila ukate pale anatukana mikro yako, batu batasema sikumulea." Nikamwambia anayetukana ni mimi. Akasema basi kata zaidi.

Ndivyo nilivyofanya. Moto nimeurudisha. Mara ya kwanza dufu likilegea mkononi mwa mchezaji, unasikika unacheka, halafu unasema maneno yako, na chini yanapita maandishi ya lugha zao. "Pasta" nimeliacha, nalo linawapa kazi ya kuuliza. Yule mama wa duka nimemwandikia kwamba moto hautoki, ila sasa kuna mwenye dufu anayewaelekeza watu. Nimemwandikia pia kwamba mwenye dufu ametutoka. Alijibu kwa pole nzuri, akasema watatazama. Anaweza akakataa. Nimeshajiandaa, na akikataa tutabaki chini huko na moto wetu.

Wachezaji hawakungoja. Yule wa Dar amerudi. Anasema sasa amemwelewa bibi yake, na nyota amezipandisha. Mtu mwingine ameuliza yule baba anayecheka ni nani, na je, yumo katika michezo mingine? Nikamjibu kwamba ni rafiki yangu, na kwamba yumo katika huu tu.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikae niandike. Ulisema mtu anayepasha ngoma haguswi, ndiyo maana tuliweka majitu yasifike penye moto. Kila ninapoujaribu mchezo, nafika pale, nalegeza dufu kwa makusudi, unacheka, unasema lete kwa moto, nalileta. Kipimo cha joto kinajaa. Ngozi imekaza, njia iko wazi, na mimi siondoki. Nakungoja useme kitu kingine. Nimesimama hapo mpaka makaa yote yamekuwa majivu kwenye kioo, na wewe ukanyamaza vilevile, kwa sababu siku ile hukusema zaidi. Inauma, Rajabu. Nilidhani kazi itaipunguza na haijaipunguza.

Dufu lako nimelitundika kwa dada, mbali na ukuta wenye unyevu. Maulidi yakifika nitalipeleka kwa wenzako wa kikundi, nitawasha makaa mimi mwenyewe, na sitalitoa mkononi mpaka nisikie limekaza, kama ulivyonionyesha kwa kiganja. Pigo la kwanza nitamwachia Zena wako. Wakisema watoto wangoje, nitawaambia baba yake ndiye aliyemtuma apigane na majitu, na nina ushahidi. Na moto sitauzima. Hata wakinijia na Kifaransa cha namna gani.

Mola akurehemu, rafiki yangu, na ile dua nisiyoijua kwa Kiarabu niombee wewe kwa niaba yangu. Nitaufungua mchezo mara moja tena kabla ya kulala, nipite pale kwako, nipashe, halafu nitembee.

Ngozi imekaza, Rajabu. Acha niende.

Wako,
Pasta