Sisimizi wa Zainabu

Zainabu, mwanangu, mama yangu,

Jana mchana nilisinzia porini chini ya mizinga ya nyuki, ukanijia ndotoni. Ulivaa lile gauni la njano la mitumba, kikombe chako cha bati mkononi. Ukasema, "Baba, maji." Nikazinduka nimenyoosha mkono.

Hapa Itigi treni bado inachelewa, na mama yako bado ananinunia nikiingia ndani na mikono ya asali. Soda zimejaa madukani. Unaikumbuka ya kwanza niliyokuletea? Baada ya miaka ya foleni za sabuni, nilijiona baba hasa. Ulikuwa umekonda, kiu haikatiki, nami nikakukorogea na maji ya asali. Asali ni dawa, nani asiyejua?

Na wale sisimizi. Walijaa pale ulipokojoa nyuma ya nyumba, nikamwambia mama yako, "Binti yako amegeuka mzinga." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mwanangu, ugonjwa ulikuwa unanibishia hodi, mimi nikaufanyia utani.

Kisha pumzi yako ikanukia kama ndizi zilizoiva mno, ukawa unahema tu. Hospitalini daktari akasema ni kisukari. Nikambishia. Kisukari si cha wazee wenye vitambi? Siku ya pili ukafumbua macho, nikamshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Halafu ukasema kichwa kinauma. Ubongo ulikuwa umevimba, daktari alisema. Hukuamka tena. Na habari ya asali sikumwambia yeye wala mama yako. Niliogopa.

Wiki iliyopita jirani alikuja kununua asali ya binti yake. Amekonda, alisema, kutwa anakunywa maji. Nikafunika ndoo. Nikamuuliza, "Anapokojoa, sisimizi wapo?" Akanishangaa, kisha akasema, "Wapo." Basi nikayasema yote, mama yako akiwa pale pale anapepeta mtama. Ungo ukasimama.

Tulimpakia mtoto kwenye lori kwenda hospitali mchana ule ule. Sasa anachomwa sindano kila siku, yu hai.  Niliporudi, mama yako alinitengea maji ya kunawa, akaninawisha mwenyewe, kidole kwa kidole, tukalia.

Lala, mama. Nakuahidi, asali ya mgonjwa haitoki kwangu kabla sijauliza habari za sisimizi. Nawe ukija tena na kikombe chako, nitakupa maji matupu.

Baba yako