Kioo Kilichokuchongea

Baba Mapacha,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo kabla ya mvua.

~~Kompyuta irudishe dukani, wakupe ya kioo kisichong'aa.~~ Acha, usiirudishe!

Nilikuagiza kisichong'aa, wewe ukavutiwa na hiki cha kung'aa. Leo asubuhi nachapa mitihani, dirisha liko nyuma yangu, badala ya maswali naona sura yangu. Ndiyo maana nilifoka. Kumbe kioo hicho hicho kikakuchongea: nyuma yangu umeshika kiuno, unaniigiza, wanao hoi kwa kicheko! Nikajiandaa kugeuka nikupashe. Ndipo nikakuona ukinyata kunivutia pazia, ili nisome vizuri.

Kisichong'aa kingenionyesha maswali tu.

Mkeo, mwenye macho kisogoni